Kituo cha Tano, Miezi ya Upepo

Siku yangu ya kwanza kazini nilitapika mara tatu kabla hatujamaliza kituo cha pili, na mara ya tatu nilitapikia daftari la serikali. Mimi ni Msamia, nimezaliwa mwendo wa nusu saa tu kutoka ufukweni Sio Port, na aibu ya kutapika mbele ya wavuvi waliomjua mama yangu ilinichoma kuliko tumbo lenyewe. Mkuu wa Maabara, aliyekuwa amekaa mbele yangu na kofia yake ya ukindu, hakusema pole na hakucheka. Alichota maji kwa kopo, akalisafisha lile daftari ukurasa kwa ukurasa, akalianika kwenye ubao wa kukalia, kisha akaniuliza:

"Ajiambo, saa ngapi sasa?"

"Saa mbili na dakika ishirini, Mzee."

"Haya, andika. Saa mbili na dakika ishirini, mpimaji mgonjwa, kituo cha pili hakijapimwa. Weka kistari kwenye nafasi zote."

"Si tunaweza kupima sasa? Nimepata nafuu."

"Boti imeshasogea. Tukipima hapa tutakuwa tumepima mahali pengine. Weka kistari. Kistari si aibu, mwanangu. Kinasema ukweli, kwamba hapa hatujui."

Nikaweka vistari, tukarudi nyumbani. Jioni nilimwambia mama kwamba nimeajiriwa na mwendawazimu.

Vijana wa kituo wameniomba niandike jinsi kazi ya kupima maji ya ziwa ilivyofanywa zamani, kwa ajili ya jarida lao dogo. Nimekubali, ingawa nawajua. Nyinyi mnatumbukiza kijiti majini na kusoma namba kwenye simu, halafu mnalalamika kwamba jua ni kali. Sisi tulikuwa na kamba, chupa na macho. Nitawaeleza kwa ufupi, maana mambo ya kamba na chupa ndiyo yatakayowasaidia kuelewa yale mengine ambayo hasa nataka kuyasema.

Mlango wa maji tuliopima ni ule mkondo mwembamba kati ya bara na visiwa. Tuliugawa kwa vituo vitano, cha kwanza karibu na mdomo wa mto Sio, cha tano mbali kabisa, pale ambapo upande wetu unaishia. Baada ya hapo ni maji ya Uganda. Kituo cha sita kilikuwa chao, umbali wa kusikia mtu akiita, nacho kilipimwa na wenzetu wa ng'ambo kwa boti yao na daftari lao.

Kila kituo tulianza na sahani. Ni kibamba cha chuma kilichopakwa rangi nyeupe na nyeusi, kimefungwa kwenye kamba yenye alama za mita. Unakishusha polepole mpaka kipotee machoni, unaandika kina. Maji yakiwa na vijimea vingi, sahani hupotea upesi. Vijimea ni mimea midogo isiyoonekana kwa macho, inayoelea na kuishi kwa mwanga wa jua. Wataalamu huiita fitoplanktoni, na kila mdomo wa ziwani unaitegemea, kuanzia omena, wale dagaa wadogo, mpaka mbuta mkubwa. Baada ya sahani tulishusha chupa ya kina. Chupa hiyo hushuka ikiwa wazi pande zote mbili. Ikifika unapotaka, unaachilia kipande cha chuma kiteleze kwenye kamba. Sisi tulikiita mjumbe. Mjumbe akigonga, vifuniko hujifunga, nawe unausikia mgoto wake kwenye vidole vyako kupitia kamba. Mpaka leo nikishika kamba ya kuanikia nguo huwa naisikiliza.

Halafu hewa. Samaki hupumua hewa iliyoyeyuka majini, na namna ya kuijua ilikuwa kutia dawa mbili kwenye chupa ndogo ya maji uliyoyavuta. Kama hewa ipo, kunatokea chembechembe za rangi ya kahawia zinazotua chini. Kahawia ikikolea, hewa ni nyingi. Kama hakuna hewa, chembe hubaki nyeupe. Namba kamili ilipatikana maabara, lakini rangi uliiona palepale kwenye boti. Mkuu alikuwa akiinua kila chupa juani na kuitazama kwa upole.

Kwa miaka mitatu ya kwanza sikuelewa kwa nini tunafanya haya yote. Nilipouliza, Mkuu alinieleza siku moja tukiwa tunakula viazi vitamu kwenye boti. Miezi ya joto na utulivu, alisema, maji ya juu hupata joto, huwa mepesi, yakalala juu ya maji baridi ya chini bila kuchanganyika nayo, kama mafuta juu ya mchuzi. Kila kinachokufa huku juu huzama na kuozea kule chini, na kule kuoza humaliza hewa. Lakini pia huacha rutuba, ndugu wa mbolea tunayotia kwenye mahindi. Kwa hiyo chini kuna chakula bila mwanga, na juu kuna mwanga bila chakula.

"Na nani anawakutanisha?" nikauliza.

"Baharini kuna kupwa na kujaa kwa maji. Kwenye milango ya bahari, maji yanaingia na kutoka kila siku, yanakwaruza chini, yanainua kile kilichoko. Sisi hatuna hiyo. Sisi tuko na upepo wa Juni mpaka Agosti."

Upepo ule wa kusini, alinieleza, husukuma maji ya juu kuelekea upande mmoja wa mlango. Yakiondoka, ya chini hupanda kuchukua nafasi yao. Upepo ukipumzika, maji yaliyorundikwa hurudi, hupita mlangoni, huenda tena na kurudi tena. Nahodha wetu, Wandera, alikuwa na neno lake: ziwa limeinama. Likiinama, kwanza hupanda maji yasiyo na hewa, na samaki wenye akili hukimbia. Siku kadhaa baadaye ile rutuba ikishapata mwanga, vijimea huzaana mpaka maji yanakuwa ya kijani, wadudu wa maji wanashiba, na omena wanakuja kwa wingi. Kifo na neema hupanda kwa ngazi moja. Maneno hayo ya ngazi ni ya Mkuu. Mimi si mtu wa maneno kama hayo.

Nilimpenda yule mzee, nisizungukezunguke. Baba yangu alifariki nikiwa darasa la nne, na sikujua kwamba nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia "mwanangu" mpaka nilipoambiwa. Alikuwa Mteso wa Amukura, mrefu, mwenye sauti ya chini, na kila asubuhi alinisalimia "Yoga" kwa lugha yake mpaka nikajifunza kuitikia. Nilipoolewa Amagoro kwa watu wake Wateso, yeye ndiye aliyekaa upande wa ukoo wangu kama mzazi. Wakwe walicheka sana, Mteso mwenzao kugeuka Msamia kwa siku moja.

Baadaye nilihamishiwa Malaba, ofisi ya samaki mpakani, kukagua magunia ya omena yaliyokuwa yakivuka. Sitawachosha na Malaba. Msururu wa malori, vumbi, na Mkaguzi Mkuu aliyekuwa akiamini kwamba pua yake inatambua ukungu kuliko chombo chochote. Kweli ilitambua. Nilikaa miaka minne, nikarudishwa Sio Port, na baada ya mwaka mmoja Mkuu alistaafu. Aliniachia funguo za kabati la chupa akasema nisiwe mkali sana kwa watu. Hilo sikulitimiza.

Alikuja Afisa Mfawidhi mpya. Hakuwa mtu mbaya, nasema hivyo kwa kuwa vijana hupenda kusikia kwamba makosa yaliletwa na watu wabaya. Alikuwa mtu wa makaratasi, na makao makuu walikuwa wakimrudishia fomu zake.

"Madam, hii fomu imerudi tena," aliniambia mwezi wa Julai, mwaka wake wa kwanza. "Hawataki hizi gaps. Kituo cha nne dash, kituo cha tano dash, dash, dash. Mnaenda ziwani kufanya nini?"

"Boss, upepo ni mkali. Wandera anageuzia kituo cha tatu. Akienda mbele boti itajaa maji."

"Mimi sitaki mfe. Nataka fomu ijae. Wewe uko na experience, unajua hayo maji. Jaza kitu."

Nikajaza kitu. Nilichukua namba za Machi, nikazipunguza kidogo ili zionekane za kweli. Kwa lugha ya kazini tuliita kupika, na vituo vingi vilipika, msinitazame hivyo. Fomu haikurudi. Mwezi uliofuata nikapika tena. Mwaka uliofuata mkono ulijaza wenyewe huku nikizungumza na watu. Nilijiambia kwamba nafasi ni mbili tu kati ya nyingi, na kwamba hakuna mtu anayezisoma.

Angalieni sasa ujinga wa jambo lenyewe. Siku ambazo hatukufika kituo cha tano ni siku za upepo. Siku za upepo ndizo ziwa linapoinama. Kwa hiyo daftari langu lilikuwa la kweli kwa mwaka mzima isipokuwa zile siku ambazo kituo hicho kiliwekwa kwa ajili yake. Mtu akilisoma angeona maji matulivu, yenye hewa mpaka chini, Januari hadi Desemba. Nilipika hivyo miaka sita.

Na mtu alilisoma. Mkuu hakurudi Amukura baada ya kustaafu. Mkewe alikuwa ameshafariki, na alisema nyumba ya Amukura ina kimya kingi. Alibaki Sio Port na binti yake Amoit, akawa na wazo la vizimba, yaani mabanda ya wavu yanayoelea ziwani ambamo hufugwa samaki aina ya ngege. Aliuza ng'ombe wote wa zizi la baba yake. Kama hujakaa na Wateso hutaelewa maana ya sentensi hiyo. Shangazi zake walikuja kutoka Amukura kumlilia akiwa hai. Kabla ya kuvitia majini alikuja ofisini, akavua kofia, akakaa kwenye kiti changu cha wageni kama mgeni kweli.

"Ajiambo, nataka kuviweka karibu na kituo cha tano. Kuna kina, uchafu utabebwa na mkondo. Lakini naogopa miezi ya upepo. Nisomee."

Nilifungua daftari nikamsomea. Sauti haikutetemeka, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Sikuwa namdanganya kwa kukusudia. Nilikuwa nimepika kwa muda mrefu mpaka nikasahau kwamba chakula kile si cha kweli.

"Hewa inatosha mpaka chini, Mkuu. Hata Julai."

"Ajabu," alisema. "Mimi nilikuwa nafikiri ziwa huinama mpaka pale. Lakini wewe umepima, mimi nilikuwa nafikiri tu." Akafurahi. Akaweka vizimba vinne.

Mwishoni mwa Mei mwaka uliofuata, wakati ngege wake walikuwa wamebakiza kama wiki tano kuvuliwa, nilitumwa Busia kukutana na mpimaji mwenzangu wa ng'ambo. Wakubwa wa pande zote mbili walitaka madaftari yetu yaunganishwe kuwa kitabu kimoja cha mlango mzima. Alivuka mpaka kwa miguu na begi lake, tukakaa kwenye hoteli ya chai upande wetu, sahani ya chapati katikati, daftari lake kushoto na langu kulia. Tukaanza Januari ya mwaka uliopita. Namba za kituo cha tano na cha sita zilifanana kama pacha. Februari, Machi, Aprili, Mei, hata Juni kabla ya upepo, hivyohivyo. Tukafika Julai, akasimamisha kidole.

"Nnyabo," alisema, kwa ile heshima yao, "kwangu chini hakuna hewa kabisa. Kwako iko nyingi. Maji yetu yanaogopana?"

Tukatazama Agosti. Tukatazama mwaka wa nyuma yake, na wa nyuma yake. Alikuwa mtu mstaarabu, akaitisha chai nyingine na kuanza kuniuliza habari za watoto. Alikuwa ameelewa. Wao boti yao ilikuwa kubwa kuliko yetu, walikuwa wakifika.

Nilikaa pale nikaona vizimba vinne. Nikaona maji yasiyo na hewa yanapanda chini yake na samaki waliofungiwa wavuni, wasioweza kukimbia.

Sasa hapa ningependa kuandika kwamba nilipanda gari palepale nikaenda Sio Port kumwambia. Sikwenda. Nilirudi nyumbani nikapika ugali. Nilikuwa nimebakiza miezi mitano kustaafu na niliogopa kwamba mambo ya daftari yatafika makao makuu. Lakini hiyo ni sababu ya kuwaambia watu. Ya kweli ni kwamba sikuweza kuivumilia picha ya yule mzee akinitazama na kuona mtu mwingine. Nilijiambia huenda mwaka huu upepo utachelewa, atavua samaki wake, na hakuna atakayejua. Kila asubuhi nilitoka nje kwanza kutazama majani ya migomba kama yanatikisika. Ziwa lilikuwa shwari, shwari, shwari. Nililishukuru badala ya kulitumia.

Asubuhi ya siku ya kumi na sita tangu Busia niliamka migomba inapiga makofi. Nilifika nyumbani kwa Mkuu kabla ya saa tatu. Mkuu alikuwa kibarazani anashona wavu, Amoit anamimina chai.

"Yoga, Ajiambo. Mbona umekuja na uso wa msiba?"

"Mkuu, kituo cha tano sikukipima."

"Lini?"

"Miezi ya upepo. Miaka yote tangu fomu zianze kurudi. Wandera alikuwa anageuzia kituo cha tatu, mimi najaza ofisini. Zile nilizokusomea ni za kupika."

Amoit aliweka birika chini. Mkuu aliendelea kushona mafundo mawili, matatu, kisha akauliza kwa sauti yake ileile ya chini, "Namba ulizitoa wapi?"

"Za Machi. Nilipunguza kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Nikamwambia. Alitaka kujua kila kitu, kama zamani akinifundisha. Nikamweleza daftari la mwenzetu wa ng'ambo, Julai yake na Julai yangu. Nilikuwa nalia, na sikujificha.

"Na hii umeigundua lini?"

Nilikuwa nimeshasema yote makubwa. Lilibaki dogo.

"Jana, Mkuu," nikasema. "Jana kule Busia."

Alitikisa kichwa polepole. "Jana umegundua, leo umekuja." Akaweka wavu chini, akanishika bega. "Mwanangu, umebeba mzigo. Chukua chupa zako, twende tukapime."

Wandera alikataa. "Mzee, ziwa limeinama. Mtu mwenye macho anaona. Mnataka nikawazike wote wawili?" Mkuu hakubishana naye, aliingia tu kwenye boti akakaa mahali pake pa zamani. Wandera akatukana kwa Kisamia, akavuta kamba ya injini. Maji yalituingia mpaka tukachota kwa ndoo, lakini tulifika. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita nilisimama kituo cha tano kukiwa na upepo, nikashusha chupa karibu na chini, nikaachilia mjumbe. Nilitia dawa zote mbili. Mkuu aliichukua ile chupa ndogo akaiinua juani.

Ilibaki nyeupe kama maziwa.

Tukavuta nyingine kutoka juu kidogo. Nyeupe. Nyingine juu zaidi ikatoa kahawia hafifu. Sakafu za vizimba zilikuwa mita chache tu juu ya hapo.

"Inapanda," Mkuu alisema. "Tuna siku mbili. Tatu ikituhurumia."

Tuliamua kuvivuta vizimba hadi karibu na mdomo wa mto, kwenye kina kifupi ambako mawimbi hutia hewa mpaka chini. Ufuo mzima ulitoka. Wanawake wa omena waliacha majamvi yao, wavuvi wakaja na boti mbili. Kizimba kilichojaa samaki hakivutwi haraka, ukikikimbiza samaki hubanana wakafa. Kesho yake, dhidi ya upepo, tulitumia kutwa nzima kwa vizimba viwili. Siku iliyofuata mawimbi yalikuwa makubwa, hakuna boti iliyotoka. Siku ya tatu asubuhi tulipofika kwenye vile viwili vilivyobaki, ngege walikuwa wamekuja juu wote, midomo wazi, wakiifyonza hewa yetu. Kufikia adhuhuri walikuwa wamelala ubavu. Mkuu alitia mkono kati yao akauacha humo muda mrefu. Hakulia. Mimi nililia kwa ajili yetu sote wawili.

Wiki mbili baadaye maji ya mlango mzima yalikuwa ya kijani. Sahani ilipotea mara tu ilipolowa. Omena walikuja kwa wingi, majamvi yakakosa nafasi ufukweni, na Mkuu alikuwa akitembea katikati yake na fimbo akiwaeleza wanawake kwamba vijimea vimekula ile rutuba iliyopanda na yale maji yasiyo na hewa, kana kwamba si maji hayohayo yaliyomlia nusu ya ng'ombe wa baba yake. Mama mmoja alimwambia, "Mzee, wewe hata ukipigwa unatoa somo." Akacheka mpaka akakohoa.

Miezi yangu ya mwisho kazini nilipitia madaftari yote na kalamu nyekundu nikifuta kila namba niliyopika. Afisa Mfawidhi alisimama mlangoni.

"Madam, unaharibu record ya serikali. Na mimi jina langu liko hapo."

"Ilishaharibika, boss. Naisafisha. Jina langu liko hapo pia."

Alivuta kiti akanisaidia na miezi ya mwaka wa kwanza, ule aliokuwa akirudishiwa fomu. Ndiyo maana nasema hakuwa mtu mbaya. Barua kutoka makao makuu ilikuja, ya ukali kiasi, na nikastaafu nayo kwenye faili.

Siku ya kuniaga, waliandaa kuku na soda ufukweni. Mkuu aliombwa aseme machache. Alisimama kwa shida, macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, akageuka kunitafuta kwa kufuata sauti yangu.

"Mtasikia Ajiambo alikosea," alisema. "Alikosea. Lakini nyinyi vijana, kosa kila mtu anaweza. Huyu aligundua jana, leo asubuhi yuko mlangoni kwangu. Hakulala na neno hata siku moja. Mkinipa mpimaji wa namna hiyo, nitaweka vizimba tena."

Watu walipiga makofi. Nililia, wakadhani ni furaha. Na kweli aliweka tena, safari hii mdomoni mwa mto, na ile hadithi ya "jana na leo" amekuwa akiisimulia kila mahali, kanisani, kwenye matanga, kwa kila kijana anayeajiriwa kituoni. Nimeisikia mbele yangu zaidi ya mara nne. Kila mara nimeangalia chini, naye hudhani ni unyenyekevu.

Sasa nakaa Amagoro, nalima mtama na kugombana na kuku wa jirani. Kustaafu ni kuzuri kuliko wanavyosema. Kinachonisumbua si miaka sita ya kupika. Hiyo nimeifuta kwa kalamu nyekundu, nayo inaonekana. Kinachonisumbua ni namba moja ndogo ambayo haimo kwenye daftari lolote, niliyoitoa kwa mdomo kibarazani siku ile, ili mtu ninayempenda asinitazame vibaya zaidi ya ilivyolazimu.

Macho ya Mkuu hayasomi tena. Najua jarida hili likifika Sio Port ni Amoit atakayemsomea, na najua husoma haraka. Amoit, dada, hapa nakuomba usiharakishe.

Mkuu, haikuwa jana. Nilijua kwa siku kumi na sita. Siku zote hizo ziwa lilikuwa shwari, na vizimba vyote vinne vingevutika. Jumamosi nitakuja. Nitasimama nje kwenye ngazi, na nitangoja mpaka useme mwenyewe kama niingie.